Mpangaji wa Chogoni

Huenda ikawa kiroja kwa mtu wa redio, ambaye umri wake wote ametafuta riziki kwa kitu kisichoonekana, kuja jioni hii kuzungumza nanyi habari za televisheni. Lakini ninalokusudia kulieleza si habari ya picha, ambayo haina haja ya wakili, bali ni habari ya sauti yake, ambayo naiona imedhulumiwa, na kwa kuwa sauti ndiyo iliyonilea, sikuona vema kunyamaza.

Ninaye shangazi yangu mmoja, bibi mwenye umri mkubwa, mkazi wa Tanga, ambaye kwa miaka mingi haikumpita taarifa ya habari ya usiku. Wanawe, kwa mapenzi na heshima, walimnunulia televisheni mpya, pana kama mlango na nyembamba kama sinia, na ile ya zamani, ambayo vijana huiita ya chogo kwa jinsi ilivyotokeza kisogoni, ikapelekwa stoo kukaa pamoja na cherehani bovu na madumu matupu. Siku nilipokwenda kumwamkia nilimkuta amekaa karibu mno na kioo, rimoti mkononi, uso umemkunjamana.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati wake. Kaa hapa unifasirie.”

“Nikufasirie lugha gani?”

“Kiswahili. Watu wa siku hizi wananong’ona. Midomo naiona, maneno siyapati.”

Akabonyeza rimoti kuongeza sauti, akaongeza tena, hata sahani za kabatini zikaanza kuitikia; lakini ajabu ni kwamba kelele ilizidi na maneno hayakuzidi, kama mtu aliye kisimani ambaye kadiri anavyopiga ukelele ndivyo asivyofahamika asemalo. Nilidhani ni masikio ya uzee. Dhana hiyo haikudumu, maana redio ndogo ya jikoni, yenye bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya bei ya televisheni ile, ilikuwa ikisema polepole, na shangazi alikuwa akiijibu neno kwa neno. Tukamwita fundi mmoja mzee wa mtaani, ambaye alianza kazi yake kwa redio za taa na sasa hutengeneza simu. Aliinamisha ile televisheni, akapitisha kidole chini ya ukingo wake, akatuonyesha vijitundu viwili vya mstari, kisha akasema maneno ambayo ndiyo asili ya mazungumzo yetu haya: “Mzee, hapa mmenunua picha. Sauti mmepewa nyongeza.”

Basi natutazame, wasikilizaji, jinsi mambo yalivyofika hapo. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na sisi wa Bara tukangoja hata mwaka 1994 ndipo kituo cha kwanza kikaanza kutangaza. Na wakati huo wote, hapa kwetu na duniani kote, televisheni ilikuwa sanduku. Halikuwa sanduku kwa kupenda. Ndani yake mlikuwa na chupa kubwa ya kioo, ambayo nyuma yake ilirusha chembe za umeme kuja kuupiga uso wa mbele, na chembe zile zilihitaji masafa ili ziweze kupindwa huku na huku na kuijaza picha yote. Kwa hiyo kadiri kioo kilivyokuwa kipana ndivyo chogo lilivyokuwa refu, na watu wawili wenye nguvu walihitajika kulihamisha. Chogo liliumbwa kwa ajili ya jicho. Ila kwa kuwa nafasi ilikuwapo, na kwa kuwa haikuwa na kazi nyingine, mafundi waliiweka spika humo, aghalabu uso wake ukielekea mbele kwa watazamaji, na hewa nyingi nyuma yake. Sauti ilikuwa mpangaji asiyelipa kodi katika nyumba ya picha. Vioo vya leo vilipokuja, ambavyo havina haja ya masafa yale, nyumba ilivunjwa kwa shangwe, na mpangaji hakuulizwa atakwenda wapi.

Mtu aweza kuuliza: kwani sauti yahitaji nyumba ya nini? Jawabu halihitaji kutafutwa mbali na pwani yetu. Mchukueni mpiga zeze, mkamwondolee kibuyu cha chombo chake mkamwachie uzi na ufito; uzi utatetemeka vilevile, mkono utakuwa na ustadi uleule, lakini wimbo hautafika hata mlangoni. Litazameni udi la wapiga taarabu, tumbo lake lilivyofura mfano wa papai lililopasuliwa. Fundi aliyeliunda hivyo hakutafuta pambo. Uzi peke yake ni mwembamba mno kuisukuma hewa, na lile tumbo ndilo lilipokealo tetemo la uzi na kulikabidhi kwa hewa ya chumba.

Spika nayo ina hukumu yake. Ule uso wake wa karatasi au plastiki unapokwenda mbele huibana hewa ya mbele, na papo hapo huilegeza hewa ya nyuma. Na kama njia iko wazi, hewa iliyobanwa huzunguka ukingoni ikaijaza iliyolegea, na sauti mbili zikauana kabla hazijamfikia msikilizaji, hasa zile sauti nene ambazo vijana huziita besi. Sanduku huwekwa ili kuzitenga hizo mbili. Nalo sanduku likiwa dogo kupita kiasi, hewa iliyomo huwa ngumu kama mpira uliojazwa sana, ikaukataza ule uso kutembea. Juu ya hayo, kila sauti inaposhuka ngazi moja, yaani mitetemo yake inapopungua kwa nusu, spika hutakiwa isukume hewa mara 4 ya kwanza ili isikike kwa nguvu ileile. Kijispika chembamba cha ndani ya televisheni ya bapa, hata kikiwa na uwezo wa wati 10, kitazitoa wapi pumzi hizo?

Sasa hapa patatokea mwenye kusema, “Mimi si mpenda besi, nataka maneno tu.” Huyu ndiye shangazi yangu, nami namtetea. Maneno hayakai katika besi. Katika usemi wetu irabu, yaani a, e, i, o, u, ndizo zenye nguvu na unene, na konsonanti nyingi ni nyembamba, dhaifu, na za juu. Ilhali mzigo wa maana huchukuliwa zaidi na hizo dhaifu. Mtu akiambiwa pika, na wa pili fika, na wa tatu shika, na wa nne zika, irabu zote ni zilezile, na lililobaki kupambanua baina ya chakula, safari, kazi na msiba ni mpumuo mmoja mdogo mwanzoni mwa neno. Umri nao, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, huanza kutunyang’anya sauti hizo nyembamba kabla ya nyingine. Kwa hiyo mzee anapopandisha sauti ya jumla, irabu hunguruma na konsonanti husalia nyuma, na hilo ndilo fumbo la sahani kulia na maneno kupotea.

Tena sauti nene na sauti nyembamba hazisafiri kwa tabia moja. Katika joto letu la pwani sauti huenda takriban mita 350 kwa sekunde. Basi sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la mita 3 na nusu, ambalo hupita kona na kuzunguka viti kama maji ya bamvua yazungukavyo mikoko, na sauti ya mitetemo 10,000 ina wimbi la sentimita 3 na nusu tu, nayo huenda moja kwa moja kama mwali wa tochi, ikakwama popote ilipozuiliwa. Spika zinazotazama chini au nyuma huupeleka mwali huo kwenye kabati au ukutani, na mtazamaji hupata mabaki.

Kwa kuwa sababu ni hizo, dawa yake nayo haianzii dukani. Tazameni kwanza kile kitambaa cheupe cha kufuma, ambacho mabibi wa nyumba zetu hukitandika juu ya kila kitu chenye hadhi. Kikiwa chini ya televisheni ambayo spika zake zinatazama chini, kile kitambaa ndicho kimezacho konsonanti. Kiondoeni kwa heshima, mkakitandike mahali pengine, mbao tupu au marumaru irudishe sauti juu. Na televisheni isogezwe hata ukingo wa mbele wa kabati, isizame ndani kama mtu aliyejificha mvua. Ikiwa spika zinatazama nyuma, ukuta ulio nyuma yake uwe mtupu na mgumu, na pawe na nafasi baina ya hivyo viwili. Wazee wetu waliijua hekima hii bila televisheni. Imamu husimama mbele ya safu akielekea kibla, mgongo wake kwa maamuma, na bado kisomo chake huwafikia. Ukuta mgumu uliopindwa wa mihrabu humrudishia sauti yake nyuma. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, kule Unguja, ina maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, ambao ni mwaka 1107 wa Miladi, na tangu zama hizo sauti ilikuwa ikiongozwa kwa jiwe.

Kisha tazameni chumba chenyewe. Nyumba zetu za kisasa zimekuwa za saruji, vigae na vioo, vitu safi na vizuri kufagiwa, lakini ni vitu ambavyo havimezi sauti hata kidogo. Neno likitoka hupiga ukuta huu, likapiga ule, na kabla halijatulia, la pili limekwisha fika, yakapandana kama abiria wa daladala ya jioni. Simameni katikati ya sebule mpige kofi moja. Mkisikia mlio unaochacharika baada ya kofi, chumba ndicho kivurugacho maneno, na spika ya thamani yoyote haitakishinda. Zulia sakafuni, au mkeka mnene, pazia zito dirishani, makochi ya kitambaa, rafu ya vitabu visivyolingana urefu. Hivyo ndivyo vilivyo dawa. Ikiwezekana, ule upande ulio nyuma ya watazamaji ndio uvikwe zaidi, ili sauti ikishapita masikio yao isirudi kudai kupita tena.

Baada ya chumba, ingieni katika mipangilio ya televisheni kwa rimoti, mahali palipoandikwa sauti, ambapo wengi hatujafika tangu siku ya kufungua boksi. Humo aghalabu mna namna kadhaa zilizotayarishwa, ya muziki, ya sinema, ya michezo, na moja ya usemi au sauti safi. Hii ya usemi huzipandisha zile sauti za konsonanti na kuzishusha zile nene, nayo ndiyo ya taarifa ya habari na ya tamthilia. Mna pia namna ya usiku, ambayo huinua minong’ono na kuzuia mishindo, yenye faida kwa filamu, kwa sababu filamu hutengenezewa majumba ya sinema, ambako mshindo wa bunduki huachiwa utikise viti na siri ya wapendanao isemwe kwa pumzi. Wenye king’amuzi wakumbuke kwamba kina kiasi chake cha sauti mbali na kile cha televisheni. Kipandisheni cha king’amuzi hata karibu na mwisho, mkatawale kwa rimoti ya televisheni, wala msifanye kinyume. Na kikiwa na uchaguzi wa njia za sauti, ilhali nyumba ina spika mbili tu, chagueni stirio. Kwani katika filamu zenye njia 6 mazungumzo huwekwa katika njia ya katikati, na nyumba isiyokuwa na spika ya katikati yaweza kuyapata yamefifia.

Mkiisha kuyafanya hayo yote, na bado roho haijaridhika, basi wakati wa kufungua mkoba umewadia. Hapa nina maneno ya tahadhari. Madukani mmejaa sabufa, nalo ni jambo jema, ila boksi zake huandikwa wati elfu 5 au elfu 10 kwa herufi nne, PMPO, ambazo hazina kipimo cha kutegemewa. Geuzeni chombo mkasome nyuma, palipoandikwa umeme unaoingia. Chombo kinachokula wati 60 ukutani hakiwezi kutoa elfu 5 spikani, kama vile mtungi hautoi maji ambayo haukutiwa. Tena jueni kwamba kuongeza nguvu mara 2 hakufanyi sauti ionekane mara 2. Sikio hutaka nguvu karibu mara 10 ndipo likiri kuwa sauti imerudufika. Kwa hiyo usikivu ndio wa kununua, siyo wati. Spika mbili za kiasi, zenye masanduku ya mbao, au ule ufito mrefu ambao wauzaji huuita saundiba, vikiwekwa mbele, wazi, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, vitamfaa mwenye kutaka maneno kuliko sabufa la kutikisa bati. Spika mbili na mtazamaji wafanye pembe tatu zilizo sawa. Saundiba isitiwe ndani ya rafu, wala isizibwe na vyombo vya maua. Sabufa nayo, ikiwekwa konani, kuta zitaiongezea nguvu bila gharama, na wakati mwingine zitaizidisha hata ikawa mvumo mtupu. Isogezeni kidogo kidogo mpaka sauti ya mtangazaji wa kiume iache kuvuma kama iliyo ndani ya pipa.

Katika kuunganisha, tafuteni nyuma ya televisheni tundu la HDMI ambalo pembeni yake pameandikwa ARC; waya wake mmoja huitoa sauti nje, na rimoti moja hutosha. Lisipokuwapo, lipo aghalabu tundu la waya wa mwanga, ufundi ambao kampuni ya Toshiba iliuleta mwaka 1983; na mwenye amplifaya ya zamani yenye matundu mekundu na meupe asiitupe, maana kuna kijisanduku cha kugeuza sauti ya mwanga kuwa ya umeme, ila mipangilio ya televisheni lazima iwekwe PCM, ama sivyo atapata ukimya. Bluetooth haina waya, na hiyo ndiyo fahari yake. Aibu yake ni kuchelewa. Maumbile yametuzoeza sauti ije nyuma ya tendo, kama dobi tumwonaye kwa mbali akipiga nguo jiweni na kishindo kikatujia baadaye. Lakini uvumilivu huo una mpaka. Watu walioketi kupima jambo hili kwa ajili ya utangazaji walikuta kwamba mtazamaji hugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa sehemu 45 za elfu ya sekunde, na ikichelewa kwa sehemu 125. Na Bluetooth nyingi huuvuka mpaka huo. Yatafuteni katika mipangilio maneno ya kuoanisha sauti na picha, na yakishindwa, rudini kwenye waya.

Lipo na suala la adabu, ambalo sitalirefusha. Nimekwisha sema kwamba besi hupita kona. Basi na ukuta wa jirani hupita. Mwenye kutengeneza sauti kwa usafi hana haja ya kuitia nguvu, na huo ndio ushahidi kwamba ameitengeneza.

Nirudi Tanga nimalize. Yule fundi hakutuuzia kitu siku ile. Alikitoa kitambaa cha kufuma, akakikunja vizuri na kumpa shangazi mkononi. Akaisogeza televisheni mbele, akaiweka katika namna ya usemi, akashusha besi, akapandisha trebo, yaani zile sauti nyembamba, kidogo. Jirani akaleta mkeka. Baada ya mwezi mmoja vijana walinunua spika mbili ndogo za mbao, zilizotumika, wakaziunga kwa waya mwekundu na mweupe. Shangazi sasa huketi kochini mwisho wa chumba, na ile namba ya rimoti ambayo zamani aliipeleka 60, leo huikomesha 22.

Ombi langu kwenu, wasikilizaji, ni hili moja. Siku mtakapokwenda dukani kununua televisheni, msimruhusu muuzaji awaonyeshe ndege wa rangi na maua yachanuayo pekee. Mwombeni aweke taarifa ya habari, kwa sauti ya kiasi; mrudi nyuma hatua tano, mfumbe macho, msikilize kama pika ni pika na fika ni fika. Mkipata maneno yote, fumbueni macho muulize bei. Msipoyapata, tieni katika hesabu fedha ya spika kabla hamjatoa ya kioo.